Nimemimina silinda ya injini ndogo nyumbani, imetoka na matundu kama andazi. Wataalamu njooni

#1 Fundi_wa_Uani
Wakuu habari za jioni. Niende kwenye mada.
Toka nikiwa mdogo babu alikuwa na mashine ya kusaga kijijini, ile ya Lister ya silinda moja yenye flaiwili mbili kubwa pembeni, tuk tuk tuk mpaka ng'ambo ya mto watu wanajua leo kuna unga. Sasa nimeamua kutengeneza kadogo kanakofanana nayo, kakae juu ya meza, katumie petroli. Pistoni milimita 28 tu. Vyuma nayeyusha mwenyewe nyumbani sinunui.
Tanuri langu ni ndoo ya rangi ya lita 20 nimeikandika ndani udongo mfinyanzi na mchanga, mkaa, na draya ya nywele ya wife inapuliza kwa chini (bado hajajua). Chungu ni kipande cha bomba la chuma nimechomelea kitako. Nikatia pistoni mbovu za bodaboda pamoja na makopo ya soda, ikayeyuka vizuri, nikamimina kwenye mchanga wa mtoni niliolowesha kidogo na kuushindilia ndani ya boksi la mbao, kiolezo cha umbo la silinda nilichonga mwenyewe.
Kwa nje imetoka mrembo balaa. Nikapeleka kwa fundi mchongaji atoboe, milimita ya kwanza tu ya kutoboa matundu yakaanza kufunguka. Nikaziba upande mmoja, nikaunga pampu ya baiskeli, nikazamisha kwenye beseni: inatoa mapovu kama sato anayepumua. Silinda mbili zote hivyo hivyo. Tatizo ni nini?

#2 Kipusa wa Tandale
Tatizo ni draya ya watu mkuu. Rudisha draya kwanza ndiyo tujadili mengine 😂

#3 MzeeSkrepa
Jibu liko kwenye maelezo yako mwenyewe. Makopo ya soda. Nimeuza skrepa miaka 19, makopo hatuyachanganyi na pistoni hata siku moja, bei zake tu mbali mbali. Kopo ni bati jembamba lina rangi nje na plastiki ndani, ukilitia motoni nusu yake inageuka ukoko, na huo ukoko ndio umeumimina kwenye silinda yako. Tafuta rimu za gari zile za spoti, au sampo (beseni la oili chini ya injini), au kichwa cha injini. Kitu kilichozaliwa kwa kumiminwa ndicho kinakubali kumiminwa tena. Bati lilizaliwa kwa kukandamizwa.

#4 Mwana_Metali
Mzee hapo juu yuko sahihi nusu. Makopo yanaleta ukoko kweli na yana magnizi ndani yake, ila ukoko ungeonekana kama madoa meusi na vipande vipande. Matundu ya duara yanayotoa upepo ni GESI. Aluminiamu ikiwa uji inanywa haidrojeni, inaitoa kwenye unyevunyevu wowote ule, mkaa mbichi, skrepa yenye oili, hata hewa ya Dar hii yenye joto la fukuto. Ikiganda haiwezi tena kuibeba, uwezo wake unashuka karibu mara 20, sasa hiyo gesi itaenda wapi? Inabaki mle mle inakuwa povu. Na kadiri unavyopandisha joto ndivyo inavyokunywa zaidi. Swali kwako mleta mada: ulimimina kwenye joto gani?

#5 Fundi_wa_Uani
Mkuu #4 sina kipimo, nilisubiri mpaka chungu kikawa rangi ya chungwa kabisa ndiyo nikaamini imeiva.

#6 Mwana_Metali
Rangi ya chungwa hapo uko kwenye nyuzi 900 huko ndugu yangu. Aluminiamu safi inayeyuka 660, pistoni kwa sababu ina silikoni karibu asilimia 12 inaanza kulegea kwenye 570 na kitu. Kumimina 700 mpaka 750 inatosha. Wewe umeichemsha kama makande. Kesi imefungwa.

#7 Shigongo_siyo_yule
Kesi haijafungwa, hakimu gani huyo anahukumu hajasikia mashahidi. Mchanga wa mtoni! Mtu kasema mwenyewe "niliolowesha kidogo". Kidogo ya nani? Chukua konzi, finya, ukiachia ubaki na alama za vidole, halafu ukiuvunja uvunjike mara moja bila kumong'onyoka. Ukiona mkono umelowa hapo ni matope siyo mchanga. Maji yakikutana na uji wa moto yanakuwa mvuke, mvuke unatafuta njia, njia ni kupitia kwenye silinda yako. Na mchanga wa mtoni hauna udongo wa kushikana kwa hiyo lazima uliongeza maji ili ushikane. Tia bentonaiti, ule udongo wa kunata, wale wachimba visima wanayo, kama sehemu 8 mpaka 10 kwenye 100, maji yanapungua yenyewe.

#8 MamaKarakana
Habari zenu. Nimesoma mpaka hapa nikacheka. Nilifanya miaka sita kwenye karakana ya kumimina vichwa vya pampu za maji, sasa niko na kibanda changu.
Kijana, hakuna hata mmoja aliyekuuliza RAIZA ilikuwa wapi. Silinda yako ina ukuta mwembamba halafu kuna sehemu nene pale bolti zinapoingia, si ndiyo? Chuma kikiganda kinanywea. Ukuta mwembamba unaganda kwanza, sehemu nene bado uji, ikifika zamu yake kuganda inahitaji kuongezewa uji na mlango umeshafungwa. Inabaki na njaa, inajitoboa ndani. Ndiyo maana kwa nje unaona mrembo, gamba limeganda salama, ndani tumbo tupu. Dawa yake ndiyo hiyo raiza: unaweka kichwa cha akiba juu ya ile sehemu nene, kinene kuliko yenyewe, kigande mwisho. Hicho ndicho kinachotobolewa na njaa badala ya kazi yako, halafu unakikata unakirudisha chunguni.
Sasa angalia hayo matundu yako kwa karibu, tumia hata kioo cha simu. Kama ni ya duara na ndani yanang'aa, ni gesi. Kama ni ya hovyo hovyo, ndani kuna vijinyota vya kukwaruza kama kuvunja sukari guru, hiyo ni njaa. Usikimbilie kubadilisha kila kitu kwa mpigo hutajua kilichokuponya.

#9 Fundi_wa_Uani
Mama shikamoo na asante sana. Nimeangalia sasa hivi kwa tochi. Pale kwenye bolti yapo makubwa ya hovyo hovyo, kama ulivyosema. Lakini huku juu karibu na mdomo kuna vidogo vidogo kama vya sindano, duara, vinang'aa. Sasa nina ugonjwa gani?

#10 Kipusa wa Tandale
Malaria na taifodi kwa pamoja, kama sisi wengine.

#11 MzeeSkrepa
Na makopo.

#12 Otis_JuaKali
Wasee niaje, mimi ni wa Nairobi, tunayeyusha hii kitu karibu kila siku hapa, sufuria na mikono ya milango. Huyu boss #4 anasema joto, huyu mama anasema njaa, sawa, lakini mbona hakuna mtu ameangalia hiyo chungu ya bomba? Aluminiamu inakula chuma polepole. Yangu ya kwanza ilikuwa hivyo tu, bomba limechomelewa kitako, mara ya kumi na kitu nikaona ukuta umekuwa mwembamba kama gamba la yai, siku moja kitako ikaachia na uji yote ikaingia kwa makaa. Ile chuma imekuliwa iko wapi? Iko ndani ya silinda yako, inafanya ikuwe ngumu na inavunjika kama biskuti. Siku hizi tunapaka ndani udongo mweupe, tunakausha, ndio tunatia skrepa.
Na tafadhali msitie shokabsoba nzima nzima motoni. Kuna kijana alitia, ilikuwa imezibwa na oili ndani. Alibaki na macho kwa bahati tu.

#13 Mnyamwezi_halisi
Huo udongo mweupe kwa sisi wa Dar upo Pugu pale, kaolini, toka enzi za Mjerumani inajulikana. Tanuri lenyewe ungelikandika kwa huo badala ya mfinyanzi, unavumilia moto zaidi na haupasuki hovyo.

#14 Fundi_wa_Uani
#12 nimeingiza kidole kwenye chungu ndani kuna mashimo shimo kweli kama kimeliwa na mchwa 😳

#15 Dereva Mstaafu
Swali la kizushi. Injini ya Mchina ya kusukumia maji inauzwa mjini unaipata mzima mzima na waranti, wewe unahangaika na mkaa na kuunguza nyumba kwa ajili ya kainjini ka kuweka mezani kasikosaga hata debe la mahindi. Faida yake nini hasa?

#16 Shigongo_siyo_yule
Mzee na wewe bao la kete mbona unanunua bodi la mbao kila mwaka na halisagi mahindi.

#17 Bint_Pangani
😂😂 #16 umemmaliza mzee wa watu.
Ila nimekumbuka kitu kwenye hiyo mashine ya babu. Ya kwetu walikuwa wanafunika kopo kwenye eksozi, sijui ni kifaa gani, ikawa inapiga "ku! ku! ku!" kama ndege, unaisikia kilomita kadhaa. Bibi alikuwa anasema ndiyo kengele ya mashine, ukisikia tu unatuma mtoto na kapu. Mleta mada ukimaliza injini bila lile kopo haitakuwa Lister hiyo.

#18 Fundi_wa_Uani
Dada #17 umenigusa, lile kopo liko kwenye mpango toka siku ya kwanza. #15 mzee wangu, faida ni kusikia huo mlio basi.

#19 Mnyamwezi_halisi
Kuna kitu hakijakaa sawa. Lister ile ni dizeli, ile ya 6/1 ni nguvu farasi 6 silinda 1, inazunguka 650 kwa dakika. Wewe umesema petroli. Sasa kinafanana nini?

#20 Mwana_Metali
Dizeli ndogo hivyo ni mateso. Dizeli inawaka kwa joto la kugandamiza hewa, sasa silinda ikiwa ya milimita 28 hewa ni kidogo na ukuta unaoizunguka ni mwingi ukilinganisha, joto linakimbilia kwenye chuma kabla halijawasha chochote. Na ile pampu ya kupuliza mafuta uitengeneze ya kupuliza tone dogo kuliko chawa? Petroli na plagi ni akili. Umbo tu ndilo la Lister.

#21 Omwana wa Bukoba
Mnabishana joto kana kwamba kuyeyusha vyuma kumeletwa na meli. Sisi Wahaya tulikuwa tunayeyusha CHUMA, siyo hivi vibati vyenu vya 660, karibu miaka 2000 iliyopita. Wazungu Schmidt na Avery waliandika hayo mwaka 1978, wazee wakawajengea tanuri wakaona kwa macho yao. Mirija ya udongo ya mivukuto iliingizwa ndani ndani kabisa ya tanuri ili hewa ipate moto kabla haijafika kwenye mkaa. Mleta mada pitisha bomba la draya yako pembeni ya ndoo lipate moto kwanza, utatumia mkaa kidogo.

#22 Mfipa Mpole
Nilijua tu Mhaya atatokea, ni suala la muda. Sisi Ufipa matanuri yetu yalikuwa marefu kuliko mtu, yanavuta hewa yenyewe bila mivukuto, mpaka leo mengine yamesimama porini Rukwa. Hatukuhitaji kupuliza wala kujisifu.

#23 Omwana wa Bukoba
Tulia wewe, refu siyo zuri.

#24 Shigongo_siyo_yule
Mods tunaomba hawa wawili wafunguliwe uzi wao wa ukabila wa matanuri. Turudi kwenye matundu. Na #21 ushauri wako ni wa kumpa moto zaidi mtu ambaye tatizo lake ni moto mwingi.

#25 Sharifu wa Lamu
Assalaam aleikum. Mimi nina masahihisho madogo ya lugha. Mnasema kumimina, kumwaga, kukasti. Neno lipo: KUSUBU. Unasubu shaba, unasubu dhahabu, na kile unachosubia ni kalibu. Hapa Lamu tuna siwa ya shaba, ile baragumu kubwa, ilisubiwa kwa nta: wanafinyanga umbo kwa nta, wanalifunika udongo, wanachoma, nta inatoka, shaba inaingia mahali pake. Huyu kijana angesubu kwa nta asingehangaika na maboksi ya mchanga.

#26 Fundi_wa_Uani
Waaleikum salaam sharifu, kuanzia leo nasubu.

#27 Otis_JuaKali
Kuna njia ya haraka kuliko nta. Ile povu nyeupe inakuja na boksi ya TV. Kata shepu, zika kwa mchanga mkavu, mimina juu yake moja kwa moja, povu inachomeka inapotea. Moshi yake mbaya lakini, kaa upande ile upepo inatoka.

#28 MamaKarakana
Hiyo ya povu kwa kitako cha injini sawa, kwa flaiwili sawa. Kwa silinda hapana, inaacha masizi kwenye ukuta na huyu tayari ana matundu ya kutosha.

#29 Dereva Mstaafu
Basi angetumia shaba ya mabomba ya zamani, si ni nzito na haina haya mambo ya kunywa gesi?

#30 Mwana_Metali
Mzee zile koki ni shaba nyekundu na zinki. Zinki inachemka 907, hiyo shaba yako inayeyuka jirani na hapo, kwa hiyo moshi mweupe unaouona ni zinki inaondoka. Ukiuvuta, usiku unatetemeka kama mwenye malaria.

#31 Dereva Mstaafu
Unakunywa maziwa.

#32 Mwana_Metali
Maziwa yanaenda tumboni mzee, moshi umeenda kwenye mapafu. Ni mabomba mawili tofauti.

#33 Dereva Mstaafu
Tumekunywa maziwa miaka 30 gereji na tupo.

#34 Kijana wa Birmingham
Nawasalimu kutoka huku Uingereza. Huku wazee wana klabu kabisa za injini ndogo, mtu anatumia miaka minne kwa injini moja na hakuna anayemuuliza inasaga nini. Nimewauliza kuhusu kesi hii. Wakaniambia mnabishana bure, kwa sababu pistoni ya aluminiamu haitakiwi kukimbia ndani ya silinda ya aluminiamu tupu, zinashikana na kukwanguana. Lazima utie slivu, yaani bomba la ndani, ya chuma cha kasti. Ukishatia slivu, matundu yapo nyuma yake, hayakuhusu tena.

#35 MzeeSkrepa
Ahaa. Slivu kata kwenye skrepa ya slivu ya lori, au bushi, nakuuzia.

#36 Mnyamwezi_halisi
Yanamhusu sana. Lister inapozwa na maji. Maji yanazunguka nyuma ya slivu, huko huko kwenye matundu. Badala ya kuvuja mgandamizo atavuja maji mpaka kwenye sampo. Na ukumbuke aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma cha kasti, ikipata moto inaiachia slivu. Anatakiwa aipashe silinda moto, slivu ibaki ya baridi, aidumbukize haraka ili silinda ikipoa iibane.

#37 Bint_Pangani
Kuna yale maji ya kioo, sodiamu silikati, marehemu baba alikuwa anaziba nayo vichwa vya injini vinavyovuja. Unajaza ndani, unasukuma kwa upepo mpaka yajipenyeze, unapasha moto, yanaganda kwenye matundu. Hata viwandani njia hiyo ilitumika.

#38 MamaKarakana
Inatumika kweli. Lakini hiyo ni poda ya kuficha chunusi. Amimine upya.

#39 Fundi_wa_Uani
MREJESHO. Samahani kwa kukaa kimya wiki mbili.
Nimesubu upya jumamosi. Rimu tupu hakuna kopo hata moja. Nimepata maltimita yenye waya wa kupima joto, nimemimina 720. Chungu nimekipaka udongo wa Pugu. Mchanga nimetia bentonaiti. Raiza nimeweka mbili juu ya sehemu za bolti, nene kama gunzi la muhindi. Skrepa niliianika juu ya tanuri kwanza ikauke, nilipoona jirani kamwaga maji ya kufulia uani nikasubiri saa nzima sakafu ikauke, maana nilishasikia uji ukidondoka kwenye saruji mbichi unaruka na vipande.
Imetoka. Raiza zote mbili zimebonyea katikati kama kitovu, unaingiza kidole gumba. Silinda nimeipeleka kwa mchongaji, pale kwenye bolti ni ng'aring'ari hakuna kitu. Ila huku juu mdomoni vile vya sindano bado vipo. Vichache, nimehesabu 11. Beseni linatoa mapovu sehemu moja tu sasa.

#40 MamaKarakana
Kitovu hicho! Hiyo ndiyo njaa yako, imeliwa na raiza badala ya silinda. Nilisema.

#41 Mwana_Metali
Na hivyo vya sindano vilivyobaki juu ni gesi, inapanda juu kama povu la soda. Nilisema. Ungeacha uji utulie chunguni kidogo usiukoroge koroge, na umimine polepole bila kuruka ruka.

#42 Shigongo_siyo_yule
Au mchanga wa juu ulikuwa na unyevu kuliko wa chini, kwa sababu wa juu ndio unaoloweshwa mwisho. Nilisema mimi wa kwanza humu.

#43 MzeeSkrepa
Ameacha makopo, matundu yamepungua. Mimi sina la kuongeza.

#44 Otis_JuaKali
Si pia chungu amepaka? Ama hiyo haihesabiki 😅

#45 MamaKarakana
Kijana, nilikuambia usibadilishe vitu vyote kwa mpigo. Ona sasa.

#46 Fundi_wa_Uani
Mama nisamehe, mkaa umepanda bei, sina uwezo wa kumimina mara sita kwa ajili ya kuwapatanisha. Nitageuza kiolezo juu chini, mdomo ukae chini, hivyo vya sindano vihamie upande usio na kazi. Slivu nimeshapata.

#47 Mfipa Mpole
Picha mkuu. Kurasa tatu hatujaona hata picha ya hiyo silinda.

#48 Fundi_wa_Uani
Simu iko kwa wife. Ameikamata mpaka nirudishe draya, na draya imeyeyuka pua.